Re: Kuchangisha hela ya mazoezi ya mtoto, bima imegoma

Pole dada. Umeuliza uanzie wapi kuchangisha hela ya mazoezi ya dogo mwenye mtindio wa ubongo. Kabla hujafungua grupu la wasapu pitia ustawi wa jamii hospitali ya serikali, umesema ana miaka 3 na sera ya msamaha wa gharama za matibabu inagusa watoto chini ya miaka 5, wabane wasikuzungushe. Hospitali ya CCBRT pale Msasani, Dar, nao wana mazoezi ya watoto, kaulize bei.

Kwenye mchango usiandike tu "naombeni msaada", watu wanapita. Andika sesheni moja shingapi, kwa wiki mara ngapi, weka makadirio yenye muhuri ila jina la mtoto ufunike. Hela isiingie namba yako binafsi, fungueni M-Koba, ile akaunti ya kikundi ya M-Pesa, mwenyekiti awe shangazi mtu au mtu wa kanisani, wanagrupu wanaona kilichoingia na kilichotoka, maneno maneno yanakufa.

Halafu ahadi sasa!! Wabongo tunaahidi elfu hamsini katikati ya mwezi mfukoni hamna kitu, we kumbushia mishahara ikitoka, usione aibu. Na mazoezi hayaishi leo, watu 30 wa buku tano kila mwezi wanakubeba kuliko laki mbili ya mara moja.