Jibu: PDF inafunguka vizuri kwenye kompyuta lakini printa inaikataa

Waalaykum salaam, ndugu yangu wa Wete. Umeeleza kwamba kijitabu chako cha imsakia, yaani ratiba ya nyakati za kufunga na sala za Ramadhani, kinaonekana sawasawa kwenye skrini, lakini ukikituma kwenye printa ya leza zinatoka kurasa chache tu, kisha karatasi moja yenye maneno ya Kiingereza yasiyoeleweka. Na kiwanda cha uchapaji huko Unguja ulikoipeleka PDF hiyo hiyo kimekurudishia kwa kuwa maandishi ya Kiarabu yameharibika. Waliotangulia kukujibu wamekushauri ubadilishe printa. Mimi kazi yangu ni kupanga kurasa na kupokea mafaili ya watu hapa mjini, na kwa dalili ulizozitaja sioni kosa la printa. Tatizo limo ndani ya faili, tena aghlabu huwa katika kitu kimoja au viwili, na hicho ndicho cha kutafutwa.

Kuonekana vizuri kwenye skrini si ushahidi. Programu inayokuonyesha PDF inalisoma faili kwa njia yake, na printa ya PostScript ina njia yake nyingine, iliyo kali zaidi na yenye kumbukumbu ndogo. PostScript, ambayo Adobe waliitoa mwaka 1984, ni lugha ya maagizo: printa hutekeleza agizo moja baada ya jingine, na ikifika kwenye lile isiloliweza husimama na kuiacha kazi yote iliyobaki. Kwa hiyo karatasi ile ya Kiingereza usiitupe. Mstari wa ERROR unataja aina ya kosa, na mstari wa OFFENDING COMMAND unataja agizo lililoishinda printa.

Anza kwa kuchapa nusu ya kwanza ya kurasa, kisha nusu ya pili. Nusu inayogoma igawe tena, mpaka ubakiwe na ukurasa mmoja. Hapo fanya nakala ya ukurasa huo, ondoa picha na michoro kidogo kidogo, na kila mara toa PDF mpya yenye jina jingine. Kazi hii inachosha, lakini inakufikisha kwenye kosa lenyewe badala ya kukisia.

Neno la mstari wa ERROR likiwa limitcheck, yaani kikomo cha printa kimepitwa, tafuta mchoro mzito. Umesema jalada lina ramani ya Pemba ambayo kompyuta yenyewe iliigeuza kutoka picha kuwa mistari, nami naishuku ramani hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Pwani ya Pemba imejaa hori, ghuba na visiwa vidogo, na kompyuta ikiachiwa kuifuata huweka maelfu ya nukta katika mstari mmoja. Printa za PostScript ya daraja la kwanza zilikuwa na kikomo cha kawaida cha nukta 1,500. Za baadaye hubeba nyingi zaidi, lakini kumbukumbu zao nazo zina mwisho. Punguza nukta za mstari huo, au igeuze ramani iwe picha ya nukta 300 kwa inchi katika ukubwa ule ule itakaochapwa. Majina ya miji yaandike juu yake kwa herufi za kawaida, yasigeuzwe pamoja na ramani, ili yabaki makali.

Neno likiwa undefined, yaani agizo lisilojulikana na printa, likafuatana na alama za ajabu, angalia nembo za EPS, yaani mafaili ya michoro yaliyoandikwa kwa PostScript. Nyingi zilizotengenezwa kwenye Windows hubeba picha ndogo ya kuonyeshea tu, na mbele ya faili huwekwa baiti 30 ambazo si PostScript. Ifungue nembo kwa programu ya kuandikia maandishi ya kawaida: faili safi huanza na %!PS-Adobe, na lenye picha hiyo huanza kwa alama kama ÅÐÓÆ. Programu nzuri ya kupanga kurasa huziondoa baiti hizo yenyewe. Zikifika kwenye printa, ama inakataa kazi, ama inadhani imepewa maandishi matupu, na hapo hutoka karatasi juu ya karatasi za misimbo na tona inakwisha bure. Ihifadhi nembo upya bila picha hiyo.

Kuhusu Kiarabu nitakaa kidogo, kwa sababu imsakia yenye aya iliyokatika herufi haifai kugawiwa watu msikitini. Fungua sifa za PDF, sehemu ya fonti, uhakikishe kila jina limeandikiwa Embedded au Embedded Subset. Lisiloandikiwa hivyo halikufungwa ndani ya faili, na mashine ya kiwandani italibadilisha kwa fonti yake, ndipo herufi zinapotengana au kuwa visanduku. Sababu huweza kuwa leseni ya fonti inayokataza, au fonti ya zamani ya Type 1, ambayo Adobe waliacha kuihudumia katika programu zao Januari 2023. Badilisha fonti. Ukishindwa kabisa, yageuze maandishi hayo kuwa michoro katika nakala, lakini baada ya hapo yalinganishe na msahafu herufi kwa herufi na irabu kwa irabu, kwani zipo programu zisizojua kuunganisha Kiarabu, na irabu nazo huweza kuhama mahali pake. Kazi hiyo mpe mtu anayesoma Kiarabu vizuri, hata kama si fundi wa kompyuta.

Vivuli laini vya kichwa cha habari ni jambo jepesi zaidi. Toleo la PDF 1.3 halijui rangi zinazoonyesha kilicho chini yake, toleo la 1.4 la mwaka 2001 linajua. Waulize wachapaji kabla ya kutoa faili: wakitaka PDF/X-1a, aina ya PDF ya uchapaji iliyo kali, vivuli lazima viunganishwe na kilicho chini, na rangi zisiwe za RGB, yaani za skrini; wakipokea PDF/X-4, aina mpya zaidi, viache vilivyo.

Kwa printa yako ya nyumbani unaweza kuchagua kuchapa ukurasa kama picha ili upate nakala ya kusahihishia, ila usiipelekee kiwanda kazi ya namna hiyo, maana herufi ndogo za nyakati za sala zitafifia kingo. Tafadhali iandike hapa ile mistari miwili ya karatasi ya kosa kama ilivyo, na utaje programu uliyoitumia kutoa PDF, tuendelee kutoka hapo.