Paka wa Sultani na Mambo Tunayoyafuga

Watu wakisikia namsoma Carl Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi, huuliza kama nimeanza uganga au kama kuna shida nyumbani. Kwa wale wanaotaka kweli kujijua kwa njia hii ya ndoto na hekaya, ushauri wangu ni kwamba msianzie Uswisi, wala Ugiriki kwa hekaya ya mfalme Oedipus. Anzeni na hadithi mliyosimuliwa utotoni ikakataa kutoka kichwani.

Yangu ni ya Sultani Majinuni. Mmisionari Edward Steere aliipata kwa watu wa Unguja akaichapisha London mwaka 1870, ila mimi niliipata kwa bibi, vipande vipande, umeme ukikatika. Sultani ana paka. Paka anakamata ndama, watu wanakuja kushtaki, Sultani anasema: paka wangu, na ndama wangu. Anakula mbuzi, jibu ni lile lile. Ng'ombe, punda, ngamia, hivyo hivyo. Anakula mtoto: paka wangu, na mtoto wangu. Hatimaye paka anahamia porini na kumkamata kila apitaye njia. Mpaka siku anapowaua wana watatu wa Sultani mwenyewe ndipo baba anakubali kwamba huyu si paka tena, ni nunda mla watu.

Jung aliita kivuli ile sehemu ya nafsi tusiyotaka kuiona: wivu, hasira, tamaa, na hata vipaji ambavyo tuliambiwa si vya watu kama sisi. Kwa kawaida kivuli hufundishwa kama kitu tulichokikana. Hadithi ya bibi inakwenda mbali zaidi, na ndiyo sababu naipenda. Sultani hakumkana paka hata siku moja. Alimkiri mbele ya watu, wangu, wangu, na bado hakumwona. Sikilizeni tunavyosema siku hizi: "Mimi ndivyo nilivyo, nina hasira za karibu." "Kwetu sote tuna midomo." Mtu anakiri kwa sauti kubwa, wote wanacheka, na paka anaendelea kula. Kukiri kunaweza kuwa pazia zuri kuliko kukana. Ukitaka kujua unachokifuga, anza na sentensi zako za "ndivyo nilivyo", kisha uliza nani ameliwa.

Sehemu ya pili ya hadithi ndiyo inayofundisha kazi yenyewe. Anayekwenda kumwinda nunda ni kitinda mimba wa Sultani, yule aliyedharauliwa akaitwa Mkaa-jikoni. Anaua mbwa, anamleta nyumbani akiimba kwamba amemuua nunda. Mama anamwambia: mwanangu, huyu siye. Analeta ngawa. Siye. Punda milia, twiga, kifaru, tembo, wote siye. Kila mara mnyama ni mkubwa kuliko wa jana, na kila mara kijana ana hakika.

Kwangu mimi mambo yalianza na mwalimu mwenzangu. Kila kikao cha walimu lazima asome shairi lake, amesimama, mkono mmoja mfukoni, na akimaliza anatulia kidogo kusubiri makofi. Nilikuwa namchukia kiasi cha kuumwa kichwa. Nikamwambia shangazi: yule bwana ana kelele. Shangazi, ambaye hajawahi kusikia jina la Jung, akasema wenye kelele wako wengi shuleni kwenu, mbona huyo tu? Nikasema anatupotezea muda. Akasema vikao vyenu navijua, muda mnaupoteza wenyewe. Tukaendelea hivyo, mimi nikileta wanyama, yeye akiwakataa, hadi nikajikuta namweleza habari za kaunta buku lililoko chini ya nguo zangu kabatini, limejaa mashairi tangu nikiwa sekondari, hakuna aliyewahi kuyaona. Hapo akanyamaza, akaendelea kuchambua mchicha. Anayekukera kupita kiasi cha kosa lake, mchunguze. Mara nyingi amesimama juu ya kitu chako.

Kuhusu ndoto nitasema machache. Ziandike ukiamka, kabla ya kushika simu, na uandike ulivyojisikia, si picha tu. Vitabu vinavyosema nyoka ni adui na maji ni safari viache sokoni. Hata Ibn Sirin, mfasiri wa ndoto wa zamani ambaye jina lake limebandikwa kwenye vitabu vingi vya aina hiyo, inasimuliwa kuwa watu wawili walimjia na ndoto moja, ya kuadhini. Ibn Sirin akamwambia mmoja kwamba atahiji, na mwingine kwamba atakatwa mkono kwa wizi, kwa sababu alimtazama mwotaji kabla ya ndoto. Jung angempa mkono.

Jung mwenyewe alifika kwetu. Mwaka 1925 alishuka Mombasa, akapanda hadi miteremko ya Mlima Elgon, akawa anaketi na wazee akiongea Kiswahili cha kuungaunga na kuulizia ndoto zao. Aliwapa sigara, viberiti na pini, wakasema hawaoti. Laiboni mmoja, yaani mganga na mtabiri wa kimila, aliyevaa joho la ngozi za kima, akamwambia huku machozi yakimlenga kwamba zamani walikuwa wakiota na kujua vita, maradhi na mvua. Tangu Wazungu waje hakuna aotaye, maana Waingereza wanajua kila kitu. Jung aliyachukua maneno hayo kwa uzito mkubwa. Mimi huwaza kwamba huenda pia mzee alikuwa anamsindikiza mgeni mlangoni kwa adabu.

Katika safari hiyo hiyo Jung aliota kinyozi Mweusi wa Chattanooga, Marekani, akimsogezea kichwani chuma cha moto ili nywele zake zisokotane kama za Mwafrika. Akaamka kwa hofu, akaona ni onyo kwamba Afrika inataka kummeza. Mtu aliyewafundisha wengine kukitazama kivuli alikutana na chake kimeshika chuma cha saluni, akakimbia. Nachukua zana zake, ila aliyoyaandika kuhusu "watu wa asili" nayaacha kwake, na huyo ni paka wake.

Kwa hiyo tafuta mtu wa kukuambia "siye", na usimtafute kwenye kundi la WhatsApp. Awe anakupenda lakini hakuogopi, na asiwe na haraka ya kukupa jibu. Marafiki wa kukubaliana nawe ni wazuri kwa harusi. Na kama ndoto zako zinarudia jambo lililokutokea kweli, kipigo, ajali, msiba, zikikuamsha umelowa jasho, daftari na shangazi havitoshi. Nenda kliniki ya afya ya akili hospitali ya mkoa, uliza mwanasaikolojia yupo siku gani, na hadithi ya nunda itakusubiri.