Rezistansi ya breki ya winchi: hesabu mzigo, si mota

Kaka, kama winchi ya karakana yenu hapa Lubumbashi inazima variateri (kifaa kinachodhibiti kasi ya mota) kwa volti kupita kiasi kila mnaposhusha mzigo, usinunue rezistansi ya breki (ile inayogeuza kuwa joto umeme unaorudishwa na mota mzigo ukishuka) kwa kufuata kilowati za mota. Hesabu mzigo wenyewe. Tani 2 zikishuka mita 0.2 kwa sekunde: 2000 × 9.81 × 0.2 = wati 3924. Hapo zidisha kwa ufanisi, tuseme 0.8. Usigawanye (wengi hugawanya!), maana msuguano wa giaboksi unasaidia kufunga breki. Nguvu inayorudi kwenye variateri ni kama 3.1 kW.

Omu za rezistansi zisiwe chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha variateri, la sivyo transista ya breki (swichi ya kupeleka umeme kwenye rezistansi) itaungua. Kwa volti 780 za DC ndani ya variateri, omu 60 humeza 780² ÷ 60, kama 10 kW. Zinatosha na kubaki. Mkishusha sekunde 20 katika kila 120, wastani ni 0.52 kW. Mimi ningechukua ya 1 kW, baada ya kuhakikisha inahimili 3.1 kW kwa sekunde 20 mfululizo. Na ifungwe nje ya kabati, ile kitu inachoma.