Unataka kuanza kuzamia na mtungi? Kabla ya kuulizia bei ulizia chini kuna nini

Kuna dogo mmoja hapa Katonga, mtoto wa jirani yetu, kapata kazi mwaka jana na saivi ana hela kaiweka pembeni ya kwenda kujifunza kuzamia na mtungi wa hewa mgongoni. Juzi kanikuta naanua dagaa akaniuliza, dada niende wapi, maana mtandaoni kila sehemu naona kasa, matumbawe na maji ya bluu, zote naona sawa tu. Nikamwambia vuta kigoda ukae. Tumeongea mpaka adhana ya magharibi, na najua si yeye peke yake mwenye hilo swali, ndo maana nayaandika hapa.

Mi nimezaliwa hapahapa Kigoma, kuogelea nimekujua kabla sijajua kusoma. Mitungi ya kwanza kuiona ilikuwa ya wale jamaa wanaokamata samaki wa urembo wa kusafirisha nje, walikuwa wanashuka kwenye mawe alafu kimya, mi nakaa mwambani naangalia mapovu yanavyotembea juu ya maji. Kozi yenyewe nimeisomea Unguja miaka tisa iliyopita, na tangu hapo nimezamia Mafia, Pemba, Nkhata Bay kule Malawi, na hapa nyumbani ziwani.

Sasa watu wengi wanachagua sehemu kwa picha. Mi nakwambia kama unaanza, swali la kwanza kumuuliza mwenye duka la kuzamia ni hili: nikishuka, mchanga uko mita ngapi chini yangu? Kozi ya mwanzo inakuruhusu kwenda mpaka mita 18, ila hakuna ulazima wa kufika huko siku ya kwanza, na sehemu nzuri ya kujifunzia ni ile yenye sakafu ya mchanga mita tano, nane, kumi na mbili, maana ukikosea kujaza hewa kwenye koti la kuelea unashuka taratibu unakaa kwenye mchanga, unatulia, instrakta anakufata. Sehemu ambayo chini hakuna sakafu ukikosea unaendelea kushuka tu.

Na sababu si woga peke yake. Masikio ndo yanakufundisha. Mita moja tu ukishuka unasikia kama mtu anakubonyeza na vidole gumba ndani ya sikio, unabana pua unapuliza taratibu, inalia "tki", unashuka tena nusu mita, unapuliza tena. Siku ya kwanza sikio langu la kushoto liligoma, instrakta akanionyesha kwa mkono panda kidogo, nikapanda, nikajaribu tena, ilituchukua kama dakika kumi kufika mita sita na hakunikimbiza hata mara moja. Usilazimishe sikio hata siku moja, ngoma ya sikio ikipasuka safari imeisha. Kwahiyo unahitaji sehemu ambayo muda upo na kina hakikuiti.

Kwa hilo Unguja naipenda kwa anayeanza. Kisiwa cha Mnemba kuna sehemu za kina kidogo, maji safi unaona mbali, kasa wapo, na upande wa Mji Mkongwe kuna visiwa kama Bawe ambavyo maji yake yametulia. Kuna na meli ya Great Northern, ile ya Waingereza ya kulaza nyaya za simu iliyozama mwisho wa mwaka 1902, iko kama mita 12 tu, yaani mtu aliyemaliza kozi juzi anaweza kuiona meli ya zamani bila kwenda shimoni. Miezi mi nashauri Oktoba mpaka Machi, upepo wa kusi ukishaisha, maji yanakuwa safi zaidi. Kusi likivuma Juni, Julai huko boti inaruka sana na ukishatapika njiani hata hamu ya kuzamia inakwisha.

Kitu kimoja sisi wa ziwani hatukijui kabisa, maji kupwa na kujaa. Huku kwetu maji yapo palepale asubuhi mpaka jioni. Pwani maji yanatembea, na kwenye mlango mwembamba kati ya visiwa yanatembea kama mto. Mi hili lilinikuta kwenye mzamio wangu wa sita, sehemu sitaitaja. Waliniambia twende kuna mkondo kidogo, kumbe zilikuwa siku za bamvua, zile maji yanakwenda kasi, tumeshuka mkondo ukatubeba, kiongozi yuko mbele na wageni wake waliozoea, mi nyuma napiga mapezi kwa nguvu zote na kadri ninavyopiga ndivyo navyovuta hewa. Nilianza na bar 200, ndo kipimo cha hewa iliyomo mtungini, nikaangalia geji dakika ya kumi na nane inasoma 60. Ukiwa mita 20 kila pumzi inakula hewa mara tatu ya ukiwa juu, na mtu mwenye hofu anapumua mara mbili zaidi ya hapo. Namshukuru Mungu kuna kaka mmoja kutoka Tanga aligeuka akaniona macho, akanishika mkanda wa koti, tukapanda pamoja, tukasimama mita tano dakika tatu kama inavyotakiwa ili gesi iliyoingia mwilini itoke taratibu, tukatoka. Juu ya maji nililia.

Tangu siku hiyo naulizia mwezi kabla ya kuulizia bei. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, maji yanakwenda kasi, nusu ya mwezi ndo maji mafu, yametulia. Ukiwa mgeni panga safari yako iangukie maji mafu. Mwulize nahodha yeyote wa pwani atakwambia tarehe bila kuangalia simu. Mafia kwa mfano, ghuba ya Chole ndani ni salama na ni pazuri mno, ni hifadhi ya bahari tangu 1995, ila ule mlango wa Kinasi unaendwa kwa saa maalumu ya maji na uwe unajua unachofanya. Papa potwe wao hawahitaji hata mtungi, ni miwani na mrija tu, Oktoba mpaka Machi.

Kwa waliozoea, wenye mizamio hamsini na kuendelea, wanaoweza kuelea sehemu moja bila kupiga mapezi, hao ndo waende Pemba. Ukuta wa matumbawe unashuka mpaka usione, chini ni mamia ya mita, unaachia mkondo unakubeba na ukuta unapita pembeni kama uko dirishani kwenye treni. Leven Bank kaskazini mwa Unguja nayo hivohivo, mkondo mkali, samaki wakubwa, si ya kujifunzia. Akikwambia mtu twende huko na una kozi ya wiki moja, kataa, hata kama umeshalipa.

Sasa nyumbani. Watu wananiambia kwanini nisianzie Tanganyika si ziwa liko mlangoni? Ziwa letu ni zuri kuliko maelezo lakini linataka heshima. Kwanza kina, sehemu ya chini kabisa ni mita 1,470, la pili duniani, na kwenye mawe mengi ya Kigoma ukitoka hatua chache ufukweni linashuka ghafla, alafu maji ni safi unaona mbali kiasi kwamba unaona uko mita kumi kumbe uko ishirini na tano. Pili, liko kama mita 770 juu ya bahari. Kuanzia mita 300 hesabu za kuzamia zinabadilika, kwasababu hewa ya juu ni nyepesi na ile gesi iliyoingia mwilini ukiwa chini inatoka kwa kasi zaidi ukipanda. Kwahiyo kompyuta ya kuzamia, ile unayovaa mkononi kama saa, iwe imewekwa ya mwinuko, kaa kina kidogo, panda polepole. Na usitoke majini ukapanda gari la Kasulu palepale, ile barabara inapanda juu zaidi, lala kwanza. Ndege nayo hivyohivyo, ukiwa umezamia siku kadhaa pwani subiri angalau saa 18 ndo urudi Kigoma kwa ndege.

Tatu uzito, maji ya ziwa hayana chumvi hayakubebi sana, mi baharini navaa vipande vya risasi vya kunizamisha kilo sita, ziwani nne. Mamba nao wapo. Kaa mbali na midomo ya mito kama Luiche na Malagarasi, usizamie jioni, na kabla ya kuingia waulize wavuvi wa hapohapo, wao wanajua wiki hii kaonekana wapi. Kichocho pia, epuka kwenye majani na fukwe za kuogea watu, na baada ya wiki kadhaa nenda kapime.

Ila ukishafika daraja hilo, jamani. Hakuna matumbawe, kuna mawe makubwa kama nyumba na samaki wa rangi, zaidi ya aina 200 za ukoo mmoja, karibu zote hazipo popote duniani isipokuwa hapa. Mara ya mwisho nililala kifudifudi juu ya kipande cha mchanga mita tisa, maganda matupu ya konokono yametapakaa, nikanyoosha kidole kugusa ganda moja. Akatoka samaki mdogo kama kidole changu cha mwisho, akanigonga kwenye ukucha, akarudi mlangoni kwake, nikatulia akanigonga tena. Lile ganda ndo nyumba yake, na watoto wake wamo ndani. Nikarudisha mkono.

Dogo nimemwambia aende Unguja Januari, aangalie mwezi kwanza, akae siku tano au sita asiwe na haraka, ahakikishe kwenye kikundi chake instrakta hana wanafunzi zaidi ya wanne. Akifikisha mizamio thelathini arudi, pale kwenye mchanga wa mita tisa ntampeleka mwenyewe.