Yai linazama, yai linaelea

SWALI: Dada, mwanangu ana miaka 5 na maswali hayaishi, nataka tufanye majaribio ya sayansi nyumbani ila vifaa sina, nianzie wapi?

JIBU: Anza na yai bichi mamii, hapohapo jikoni! Litie kwenye glasi ya maji, litazama, litoe, weka chumvi vijiko vikubwa 3 au 4 ukoroge mpaka iyeyuke halafu lirudishe, utaona linaelea. Maji ya chumvi ni mazito kuliko yai kwa ujazo uleule ndo maana yanalibeba. Ila kabla ya chumvi muulize, unadhani itakuwaje? Usimpe jibu haraka jamani, mwache akisie mwenyewe, hapo ndo utamu wa sayansi ulipo. Mkimaliza oshaneni mikono kwa sabuni, yai bichi linaweza kuwa na bakteria.