Mwenye mtumbwi aliyepandikizwa figo: je, anastahiki zaka?

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Mimi ni mkazi wa Igombe, hapa Mwanza. Miaka mitatu iliyopita nilipandikizwa figo Dodoma, nikitolewa na mdogo wangu wa kuzaliwa. Zamani nilikuwa nikiingia ziwani mwenyewe kuvua dagaa, lakini daktari amenikataza, na mtumbwi wangu mmoja na injini yake nimewakabidhi vijana. Mwezi ukiwa mzuri napata kama laki saba, ilhali chakula, kodi ya nyumba, vipimo na dawa havipungui milioni moja. Ramadhani iliyopita kamati ya zaka ya msikiti wetu iliniruka, ikasema mwenye mtumbwi si masikini, tena nimenenepa. Sasa tajiri anayenunua dagaa wetu yuko tayari kunikopesha fedha za dawa za miezi sita, kwa sharti kwamba mpaka deni liishe nimuuzie yeye peke yake, kila ndoo kwa bei ya chini kuliko ya mwalo, pale mitumbwi inaposhushia dagaa. Kwa sasa nameza dawa ya asubuhi na kuacha ya jioni ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullah. Ndugu yangu, nitaanza na jambo ulilolitaja mwishoni, kwa sababu hilo halisubiri Ramadhani wala kamati. Rudisha dozi ya jioni leo hii. Mwili wako unaitambua figo hiyo kuwa ni mgeni, na dawa za kushusha kinga ndizo zinazouzuia usiishambulie. Nyingi kati yake hupangiwa kila baada ya saa kumi na mbili kwa sababu nguvu yake hupungua katika damu, na anayeruka dozi anaweza kuanza kuipoteza figo pasipo kuhisi chochote. Allah anatukataza katika Suratul-Baqara, aya ya 195, tusijitupe kwa mikono yetu katika maangamizo. Najua hukuacha dawa kwa uzembe na wala sikulaumu, lakini ikibidi uchague kati ya kuruka dozi na kuchukua deni la halali, kopa. Mweleze daktari wako ukweli huu pia, kwani akiona kiwango cha dawa katika damu kimeshuka bila kujua sababu, anaweza kukuandikia dozi kubwa zaidi ambayo hutaimudu.

Ama zaka, wanakamati wamekosea, nami nasema hivi nikijua kwamba wanalinda amana na kwamba watu wengi huwadanganya. Katika Suratul-Kahf, aya ya 79, Allah anasimulia habari ya jahazi lile lililotobolewa, akasema lilikuwa la masikini wafanyao kazi baharini. Walikuwa na chombo, chombo chenye thamani hata mfalme akakitamani, na juu ya hayo Qur'ani imewaita masikini. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi wetu huku, waliitumia aya hii kubainisha kwamba fakiri ni yule asiye na kitu au mwenye kidogo kisichofika popote, na masikini ni yule mwenye kipato kisichomtosha. Mfano wao ni mtu anayehitaji kumi akapata saba au nane. Laki saba zako na milioni moja yako ni mfano huo huo, kana kwamba walikuwa wakikuhesabia wewe. Wala huamriwi kuuza mtumbwi kwanza ndipo ustahiki. Imamu Nawawi ameandika kwamba fundi asiye na zana hupewa katika zaka kiasi cha kununulia zana za kazi yake. Basi vipi aliye nazo anyang'anywe?

Liko na hili la kunenepa. Prednisoloni, ambayo wengi waliopandikizwa figo huimeza, huujaza uso na kuongeza hamu ya kula, kwa hiyo shavu linaloonekana msikitini Ijumaa huenda ni la dawa. Watu wawili walimwendea Mtume (s.a.w.) alipokuwa akigawa zaka katika Hija ya kuaga, akawatazama juu mpaka chini akawaona wana nguvu, kisha akawaambia kwamba wakitaka atawapa, ila hana fungu humo tajiri wala mwenye nguvu anayeweza kuchuma. Aliwaeleza hukumu, akawaachia wao waseme hali zao, wala hakuwafukuza kwa umbo. Nawe kuchuma kwako kumepungua kikwelikweli: kuvuta nyavu usiku kucha katika baridi, na kuingia katika maji yenye kichocho, ni hatari kwa mtu ambaye kinga yake imeshushwa makusudi. Vijana wako hupumzika mbalamwezi ikiwaka, kwa kuwa dagaa huvuliwa gizani, lakini dawa haina mbalamwezi.

Nenda kwa kamati na cheti cha kliniki na hesabu yako ya mwezi, pamoja na watu watatu wenye busara wanaoijua nyumba yako, kwa sababu katika hadithi ya Qabisa aliyoipokea Muslim, ushahidi wa watu watatu wa namna hiyo ndio unaomhalalishia kuomba mtu aliyepatwa na ufukara. Pengo lako ni laki tatu kwa mwezi, na wako wanazuoni waliosema masikini apewe cha kumtosha mwaka mzima, kauli ambayo naiona inamfaa mgonjwa wa dawa za kudumu. Ndugu zako pia wanaweza kukupa zaka yao, hata huyo aliyekutolea figo akiwa na zaka ya kutoa, maana matumizi yako si wajibu wao.

Mkopo wa tajiri usiukubali kwa sharti hilo. Kukopesha mafuta na nyavu ili mvuvi afungwe kwenye bei ya mkopeshaji kumezoeleka katika mialo yetu kiasi kwamba hakuna anayesema ni riba, lakini nafuu iliyoshurutishwa kwa mkopeshaji ni riba hata ikilipwa kwa ndoo za dagaa. Mtume (s.a.w.) amekataza kuunganisha mkopo na mauzo, kama walivyopokea Abu Dawud na Tirmidhi. Mwambie akukopeshe bila sharti, au afanye nawe biashara ya salamu: akulipe fedha zote sasa, nawe umletee dagaa wakavu wa aina iliyotajwa, kwa kilo zilizotajwa, siku iliyotajwa, kwa bei mliyoridhiana tangu mwanzo. Msiandike kwamba lazima watoke katika mtumbwi wako, kwa sababu ziwa linaweza kukunyima. Ukikosa utanunua kwa wenzako mwaloni na kumpelekea. Muda uwe mrefu kuliko giza moja, yaani kipindi kimoja cha usiku usio na mbalamwezi, na kilo ziwe chache kuliko unavyotumaini kupata.

Wallahu aalam.