Maswali yenu kuhusu Roald Amundsen, mtu wa kwanza kufika Ncha ya Kusini

Alijifunza wapi kuishi kwenye barafu?

Kwa Wainuiti wa Netsilik, kaskazini mwa Kanada. Kati ya 1903 na 1906 Amundsen, raia wa Norwei, alipita Njia ya Kaskazini-Magharibi na wenzake sita kwa meli ndogo Gjøa, wakakaa majira mawili ya baridi katika kisiwa cha King William. Huko alifundishwa kuvaa ngozi za kulungu wa kaskazini tabaka mbili: manyoya ya ndani yaelekee mwilini, ya nje yaelekee nje, na nguo zipwaye ili hewa ipite. Nguo ikibana, jasho hubaki ndani, kisha huganda.

Ghala za chakula walizionaje katika ukungu mweupe?

Hili ni swali zuri kuliko yote, maana bendera moja juu ya rundo la theluji ni rahisi kuikosa. Mapema 1911, kabla ya safari ya Ncha ya Kusini, Amundsen na wenzake waliweka akiba kwenye latitudo 80, 81 na 82, karibu tani tatu kwa jumla. Ghala la 80 wakalipigia mstari wa bendera 20 unaokatiza njia, kumi mashariki na kumi magharibi, umbali wa mita 900 hivi kati ya moja na nyingine. Kila bendera ilikuwa na namba. Ukipotoka kilomita saba bado unaikuta bendera, na namba yake inakwambia ugeukie wapi na uende kiasi gani.

Mafuta ya taa nayo yaliwekwa kwenye makopo yaliyolehemiwa. Makopo ya Scott, Mwingereza aliyekuwa akishindana naye, yalizibwa kwa vipete vya ngozi. Baridi ilivikausha, mafuta yakavuja.

Ni kweli walikula mbwa wao?

Kweli, tena kwa hesabu iliyopangwa kabla ya kuondoka. Walianza na mbwa 52. Baada ya kupanda mto wa barafu wa Axel Heiberg, 24 walichinjwa, mahali hapo wakapaita Buchani. Walirudi na 11. Inachukiza, lakini nyama mbichi pia ni kinga ya kiseyeye. Hilo Amundsen alilishuhudia 1898 katika meli Belgica, daktari Frederick Cook alipowaponya mabaharia kwa nyama ya sili na pengwini.

Hakukosea popote?

Alikosea. Aliondoka 8 Septemba 1911, mapema mno. Baridi ilishuka chini ya nyuzi 50 chini ya sifuri, kimiminika cha dira kikaganda, visigino vya watu vikaumia. Walirudi kambini kwa vurugu, na Hjalmar Johansen aliyemlaumu waziwazi akaondolewa kwenye kundi la kwenda Ncha. Oktoba wakaondoka watano.

Walijuaje wamefika?

Kwa kupima urefu wa jua kwa sekstanti, chombo cha kupimia pembe kati ya jua na upeo wa macho. Walifika 14 Desemba 1911. Kwa kuwa kipimo kina kosa dogo, watu watatu walitumwa pande tatu kwa ski, karibu kilomita 20 kila mmoja, ili Ncha iwe ndani ya eneo walilozunguka. Scott alifika 17 Januari 1912, akakuta hema lao.

Alikufaje?

Tarehe 18 Juni 1928 aliruka kutoka Tromsø kwa ndege Latham 47 kumtafuta Umberto Nobile, Mwitaliano aliyepita naye juu ya Ncha ya Kaskazini mwaka 1926. Lilipatikana boya la ndege hiyo, miili haikupatikana. Nobile aliokolewa siku chache baadaye na rubani Mswidi.